Mbwa wa Ngorongoro na ujira wa mwenye kumnywesha

WENGI wetu tumekisikia kisa hiki tangu tukiwa watoto madrasa. Mtu mmoja alikuwa safarini, akashikwa na kiu kali. Akaona kisima, akateremka, akanywa. Alipotoka akamkuta mbwa anahema, ulimi nje, anaramba udongo kwa kiu. Yule mtu akajisemea moyoni kuwa mnyama huyu amefikwa na yale yale yaliyomfika yeye. Akateremka tena kisimani, akajaza maji katika kiatu chake, akakishika kwa meno, akapanda na kumnywesha. Mwenyezi Mungu akaipokea amali yake na akamsamehe. Masahaba walipouliza kama hata kwa wanyama kuna ujira, Mtume (S.A.W.) akawafahamisha kuwa ujira upo katika kumtendea wema kila kiumbe chenye uhai. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim.

Kisa tunakijua. Swali ni je, tunakifanyia kazi? Pita leo katika mitaa yetu ya Dar es Salaam, Tanga au Arusha. Mbwa akikatiza karibu na msikiti, mara nyingi watoto waliotoka madrasa ndio wa kwanza kuokota mawe, na wakubwa wamekaa barazani wanatazama. Ukiuliza, unaambiwa mbwa ni najisi. Mazungumzo yameishia hapo.

Makala haya yanataka kuyaendeleza mazungumzo hayo, kwa kutazama kazi inayofanywa na madaktari wa wanyama na wale wanaojitolea pamoja nao katika vijiji vya kaskazini mwa Tanzania, hususan maeneo ya Karatu, Ngorongoro na Serengeti. Ni kazi ambayo wengi wetu mijini hatuijui, na tukiijua tunadhani haituhusu. Inatuhusu sana.

Siku ya chanjo

Karatu ni wilaya ya wakulima na wafugaji, kwenye barabara inayopanda kwenda lango la Ngorongoro. Ukilipita lango hilo unaingia eneo la hifadhi lililoanzishwa mwaka 1959, ambamo Wamasai wameishi na mifugo yao jirani na simba, fisi na chui. Katika maisha ya namna hiyo mbwa si pambo. Kwa mkulima analinda shamba na nyumba. Kwa mfugaji analinda boma usiku, na mchana anafuatana na watoto wanaochunga.

Siku ya chanjo haina fahari yoyote. Wataalamu wanafika na gari, wanaweka meza chini ya mti au kando ya shule, wanatoa kasha la chanjo, na watu wanaanza kumiminika. Wengi ni watoto, wamewafunga mbwa kwa kamba, wengine kwa vipande vya nguo. Mbwa anashikwa, anachomwa sindano moja, anaandikwa, anaondoka. Kazi inaendelea hivyo mpaka jua linapozama, na kesho ni kijiji kingine.

Kinachokingwa hapo ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu huletwa na kirusi kinachokaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Mnyama anapouma, kirusi huingia katika jeraha na kusafiri taratibu kupitia mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Safari hiyo huchukua wiki kadhaa, wakati mwingine miezi. Mgonjwa akishaanza kuonyesha dalili, kama vile kuogopa maji, kuweweseka na kupooza, hakuna tiba ya kutegemewa. Karibu wote hufa, na hufa kifo kibaya.

Inakadiriwa kuwa watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka duniani kwa ugonjwa huu, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Takriban wanne katika kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Kwa Tanzania, watafiti walikadiria mwaka 2002 kuwa vifo vilifikia kiasi cha 1,500 kwa mwaka, vingi vikitokea kijijini bila kuandikwa popote. Ni mtoto anayechunga mbuzi, au anayetumwa dukani, aliyeumwa na mbwa na wazazi wake wakadhani ni jeraha la kawaida tu.

Kwa nini chanjo na si risasi?

Wapo wanaosema dawa ya haya yote ni kuwaua mbwa wote. Jambo hili limejaribiwa katika nchi nyingi, kwa risasi na kwa sumu, na halikumaliza kichaa cha mbwa. Sababu inaeleweka. Ukiua mbwa wa kijiji, wengine huzaliwa na wengine huletwa kutoka kijiji cha pili, nao hawana kinga. Katika wale uliowaua wamo waliokuwa wamechanjwa. Na wenye mbwa wanaowahitaji huwaficha.

Chanjo ni jambo tofauti. Wataalamu wanasema ukichanja mbwa saba katika kila kumi, kirusi hukosa pa kupita. Hili limethibitishwa hapa hapa Tanzania. Kampeni za chanjo zilizoanza mwaka 1996 katika Wilaya ya Serengeti zilifikia kati ya asilimia 60 na 74 ya mbwa. Matukio ya kichaa kwa mbwa yakashuka kwa asilimia 70 baada ya kampeni ya kwanza, na kwa asilimia 97 baada ya ya pili. Idadi ya watu waliofika hospitali wakiwa wameumwa na mbwa wanaoshukiwa nayo ikapungua.

Miongoni mwa walioifanya kazi hiyo ni Profesa Sarah Cleaveland, daktari wa wanyama wa Chuo Kikuu cha Glasgow, na Mtanzania marehemu Dkt. Magai Kaare. Dkt. Kaare na wenzake walibaini jambo muhimu. Kwa wakulima wanaokaa karibu karibu, kuweka kituo kimoja katikati ya kijiji kulitosha. Lakini kwa wafugaji wa Ngorongoro, ambao maboma yao yako mbali mbali, kituo kimoja hakikutosha. Ilibidi wataalamu wafuate maboma, na wafanye kazi na watu wa jamii yenyewe. Ndipo watafiti wakafuatilia pia, tukio kwa tukio, nani aliumwa na mbwa gani na huyo mbwa aliumwa na nani, katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro. Wakagundua kuwa kwa wastani kila mbwa mgonjwa huambukiza mbwa mmoja na kidogo tu. Maana yake, ugonjwa huu unaotisha kiasi hiki ni dhaifu na unaweza kutokomezwa. Unaendelea kuua kwa uzembe wetu.

Manufaa hayaishii kwa binadamu. Mwaka 1994 ugonjwa mwingine wa virusi unaowapata mbwa, uitwao distempa, uliingia kwa simba wa Serengeti na kuua takriban theluthi moja yao. Mbwa wa vijiji vya jirani ndio walioshukiwa kuwa chanzo, na tangu hapo chanjo yake nayo ikaingizwa katika kampeni. Na kabla ya hapo kulikuwa na sotoka. Ugonjwa huo uliwaangamiza ng'ombe wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890 na kuwatumbukiza Wamasai katika njaa kubwa. Chanjo yake bora ilitengenezwa Muguga, Kenya, na daktari wa wanyama Mwingereza, Walter Plowright. Ng'ombe wa wafugaji walipochanjwa, nyumbu wa porini nao wakapona. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikuwa kama robo milioni, na mwishoni mwa miaka ya 1970 walizidi milioni moja. Mwaka 2011 sotoka ikatangazwa kuwa imetokomezwa duniani kote. Watalii wanaofurika leo kutazama misafara ya nyumbu wanatazama, bila kujua, matunda ya sindano aliyochomwa ng'ombe wa mfugaji masikini.

Najisi si ruhusa ya kutesa

Sasa turejee kwa hoja ya najisi, maana hapo ndipo wengi hukwama.

Ni kweli kuwa katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi katika mwambao wetu, mbwa ni najisi nzito. Aliporamba chombo hukoshwa mara saba, moja ikiwa kwa udongo. Katika madhehebu ya Imam Malik mbwa aliye hai ni tohara. Lakini hata tukibaki na kauli ya Shafi, hukumu hii inahusu nini? Inahusu tohara ya mwili, nguo na chombo kwa ajili ya ibada. Najisi yenyewe huhama kwa unyevu. Mkono mkavu uliogusa manyoya makavu haunajisiki. Na aliyenajisika anajitoharisha, kisha anaswali. Hakuna mahali ambapo wanazuoni walisema kuwa kiumbe akiwa najisi basi inajuzu kumpiga mawe, kumchoma maji ya moto au kumwacha afe kwa kiu. Yule mtu wa kisimani alikishika kwa meno yake kiatu alichomnyweshea mbwa!

Aidha, Qur'an katika Surat Al-Maida inaruhusu kula mawindo ya mbwa waliofundishwa, na hadithi sahihi zinaruhusu kufuga mbwa wa kulinda mifugo, wa shamba na wa kuwinda. Mbwa wa boma la Ngorongoro na wa shamba la Karatu wanaingia humo moja kwa moja.

Ama mbwa aliyeingiwa na kichaa, sheria haikuwa na mzaha naye. Mbwa mkali mwenye kushambulia ni katika wale watano wenye madhara ambao huuawa hata na aliye katika ihramu. Uislamu umetenganisha baina ya mbwa mwenye madhara na asiye na madhara. Sisi tumewachanganya wote, kisha tukayaita hayo dini.

Haki za mnyama kabla ya Ulaya

Mwaka 2008 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19. Sheria hiyo inakataza ukatili kwa wanyama na inafuata ile misingi mitano inayojulikana duniani: mnyama aepushwe na njaa na kiu, aepushwe na makazi ya dhiki, aepushwe na maumivu, majeraha na maradhi, aepushwe na hofu, na apewe nafasi ya kuishi kwa tabia ya maumbile yake. Misingi hii ilipangwa Uingereza katika miaka ya 1960 na 1970.

Baadhi yetu tukisikia hivyo tunasema haya ni mambo ya Wazungu. Basi na tumtazame Imam Izzuddin bin Abdisalam, mwanachuoni mkubwa wa Kishafi aliyefariki mwaka 1262, sawa na mwaka 660 Hijria. Katika kitabu chake cha kanuni za sheria aliorodhesha haki za mnyama juu ya mwenyewe. Amlishe, hata akizeeka au akiugua asiwe na faida tena. Asimbebeshe asiyoyaweza. Asimweke pamoja na wa kumdhuru. Amchinje vizuri. Asimchinje mtoto mbele ya mama yake. Hayo yaliandikwa miaka 700 kabla ya kamati za Ulaya kukaa. Na tiba ya wanyama ilikuwa fani yenye heshima kwa Waislamu. Tabibu wa wanyama aliitwa baitari, na vitabu vikubwa vya tiba ya farasi viliandikwa Baghdad na Misri. Kosa ni letu sisi tulioiacha elimu hiyo, kisha tukaigeuza kuwa ya wageni.

Punda naye anasubiri

Tusidhani kuwa suala ni la mbwa peke yake. Katika Karatu na Ngorongoro mnyama anayeteseka kimya kimya ni punda. Ndiye anayebeba maji, kuni na magunia, na ndiye anayevuta mkokoteni. Kamba inamkata, mgongo unatoka vidonda, na kesho yake mzigo unawekwa juu ya vidonda vile vile. Wataalamu wanashauri asibebeshwe mgongoni zaidi ya theluthi ya uzito wake. Punda wa kilo 150 mzigo wake ni kilo 50. Tandiko laini chini ya mzigo, kwato kukatwa, dawa ya minyoo na siku ya mapumziko ni mambo madogo ambayo madaktari wa wanyama na mashirika ya ustawi, kama ASPA la Arusha, wamekuwa wakiyafundisha.

Juu ya hayo ikaja biashara ya ngozi za punda zinazochemshwa kutengeneza dawa huko China. Punda wakawa wanaibwa na kuchinjwa kwa maelfu barani Afrika. Mwezi Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, wakikutana Addis Ababa, waliafiki kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Uamuzi huo haukudondoka kutoka mbinguni. Ulitanguliwa na miaka ya madaktari wa wanyama na watetezi wengine kukusanya ushahidi na kugonga milango ya serikali. Huko nako ni kujitolea.

Mtume (S.A.W.) alipomwona punda aliyetiwa alama ya moto usoni, alimlaani aliyefanya hivyo. Na alipoingia katika shamba la Ansari mmoja akamkuta ngamia anatokwa machozi, alimpangusa, kisha akamuonya mwenyewe amche Mwenyezi Mungu, kwani anamuweka mnyama wake na njaa na kumchosha kwa kazi. Hivi angepita leo kwenye minada yetu na vituo vya mikokoteni, angetwambia nini?

Kujitolea kuna masharti yake

Hapa tuseme ukweli. Si kila kinachoitwa kujitolea kina manufaa. Wapo wanaokuja kutoka mbali kwa wiki mbili, wanachanja, wanapiga picha, wanaondoka na hawarudi. Tatizo ni kwamba mbwa wa vijijini hawaishi muda mrefu, na kila mwaka wanazaliwa wapya wasio na kinga. Kampeni ya mara moja, kinga yake inayeyuka. Kwa hiyo kampeni inatakiwa irudiwe kila mwaka, na hilo haliwezekani bila wenyeji: afisa mifugo wa kata, mwalimu wa shule, mwenyekiti wa kijiji, vijana wa hapo hapo. Pia Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inataka anayetoa huduma ya tiba ya wanyama awe amesajiliwa. Nia njema haimfanyi mtu kuwa daktari.

Lipo jambo jingine linalotia moyo. Watafiti waliofanya kazi Tanzania wameonyesha kuwa aina moja ya chanjo ya kichaa cha mbwa inayotumika sana hubaki na nguvu hata ikikaa nje ya jokofu katika joto la nyuzi 30 kwa muda wa miezi mitatu. Maana yake chanjo inaweza kukaa kijijini kwenyewe, na mtu wa hapo aliyefundishwa akaendelea kuchanja watoto wa mbwa mwaka mzima. Lililobaki ni watu wa kujitolea.

Mfano wa Pemba

Asije mtu akasema mambo haya yanawezekana kwa watafiti wa Serengeti tu. Tazama Pemba, kisiwa ambacho takriban wakazi wake wote ni Waislamu. Kampeni za kuchanja mbwa zilizoanza mwaka 2010 zilikitokomeza kichaa cha mbwa kisiwani humo kufikia mwaka 2014. Chanjo zikalegea, na mwaka 2016 ugonjwa ukaingia tena kutoka nje ya kisiwa na kuua. Kampeni zikarejeshwa, na kufikia mwisho wa mwaka 2018 maambukizi yakakatika tena. Hapo pana mafunzo mawili: Waislamu wanaweza, na wakizembea wanalipa.

Tufanye nini?

Kwanza, vijana wa Kiislamu wanaosomea tiba ya wanyama, pale Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro na katika vyuo vya mifugo, waione fani yao kuwa ni ibada. Wiki moja ya likizo katika kampeni ya chanjo ni sadaka ya elimu.

Pili, misikiti yetu itangaze siku za chanjo, kama inavyotangaza chanjo za watoto. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani huadhimishwa kila tarehe 28 Septemba. Khutba ya Ijumaa iliyo karibu na siku hiyo ingetosha kufufua sunna iliyosahauliwa. Na tukumbuke kuwa hata paka wetu, tunaowapenda na kuwaachia waingie misikitini, wanaweza kuupata na kuuambukiza ugonjwa huu. Nao wachanjwe.

Tatu, kila mzazi ajue la kufanya mtoto akiumwa au hata akikwaruzwa na mbwa au paka. Osha jeraha papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukapate chanjo, na uimalize kama ulivyopangiwa. Usingoje kuona dalili. Usipake majani wala mafuta ukakaa nyumbani. Familia nyingi vijijini hulazimika kuuza mifugo ili kupata chanjo ya mtu aliyeumwa, ilhali chanjo ya mbwa ingeyazuia yote hayo kwa gharama ndogo sana.

Nne, nyama tunayokula mjini hutoka katika minada kama hiyo ya kaskazini. Ng'ombe na mbuzi husafirishwa mbali. Muuzaji na mchinjaji waulizwe wanavyosafiri, wanavyonyweshwa, na kama kisu kimenolewa mbali na macho ya mnyama, kama tulivyofundishwa. Uhalali wa nyama usianzie na kuishia kwenye Bismillahi huku mnyama ameteswa njia nzima.

Tano, tuwafundishe watoto madrasa kisa cha yule mtu wa kisimani mpaka mwisho wake. Wakitoka nje wakamkuta mbwa, wajue kumpisha bila kumpiga, na wajue kumwekea maji.

Mama wa Kimasai anayemvuta mbwa wake kwa kamba mpaka kwenye meza ya chanjo huenda hajawahi kuisikia hadithi ile. Sisi tumeihifadhi. Siku ya Kiyama tutaulizwa tulichokifanyia kazi. Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wenye kuwarehemu walioko ardhini, ili nasi turehemewe.

Wallahu a'alam.